Namna ya kuutambua mkono wa Sinclair Unguja

Nikitembeza mgeni kuona majengo aliyoyasanifu John Sinclair, huanzia Mnazi Mmoja asubuhi, jua likiwa bado chini. Kibao usikisome kwanza. Simama ng'ambo ya barabara, liangalie kuba jeupe la Beit el Amani, jumba la makumbusho, kisha ushuke na macho hadi kwenye matao. Sasa nenda Mahakama Kuu ya 1908, utafute yaleyale: kuba, tao.

Sinclair, Mwingereza, alikuja kama ofisa wa serikali. 1922 hadi 1924 alikuwa Balozi Mkazi, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza Zanzibar. Beit el Amani ilifunguliwa 1925, yeye ameshaondoka madarakani. Hilo hunigusa kila mara.

Mwisho pita Beit al Ajaib ya Sultan Barghash, 1883. Nguzo na roshani ndefu, kuba hakuna. Hapo jicho linashika tofauti.