Vichujio vitatu, mwanga mmoja

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita siwaanzishi na fomula. Washa kikokotoo, shika kichujio cha polaraizesheni, yaani kinachopitisha mwanga unaotetema katika mwelekeo mmoja tu, mbele ya skrini (kioo cha miwani ya jua ya aina hiyo kinatosha), kisha kizungushe taratibu. Ukifika pembe fulani, skrini inakuwa nyeusi tii. Yenyewe ina kichujio chake, hivyo mwanga unaotoka unatetema katika mwelekeo mmoja.

Sasa chukua balbu na vichujio viwili. Cha kwanza hupitisha nusu ya mwanga, ukizungushe utakavyo, maana mwanga wa balbu hutetema pande zote. Cha pili hufuata sheria ya Mfaransa Étienne-Louis Malus, ya mwaka 1809: zidisha ukali wa mwanga unaokifikia kwa mraba wa kosaini ya pembe kati ya mielekeo ya vichujio. Nyuzi 60 hubakiza robo; nyuzi 90, giza.

Ninayoipenda zaidi ni hii: viache kwenye nyuzi 90, upenyeze cha tatu katikati kwa nyuzi 45. Mwanga unarudi! Kwa vichujio kamili, ni 1/8 ya ule wa balbu. Kichujio hakizuii tu. Huupa mwanga mwelekeo mpya wa kutetema. Chora mshale wa kila hatua, ndipo upige hesabu.