Somo: shore na peoni juu ya sahani nyeupe, kwa mtindo wa fencai

Fencai ni kazi ya rangi laini za Jingdezhen, mkoani Jiangxi, iliyofikia ubora wake enzi ya Yongzheng (1723–1735). Rangi hupakwa juu ya kauri iliyokwisha kuiva kwa nyuzi 1300 hivi, kisha sahani hurudi tanurini kwa moto mdogo. Tunachora baitouweng, yaani shore wa kichwa cheupe, kwenye tawi la peoni. Ndege ni ishara ya mvi, yaani kuzeeka pamoja, ua ni ishara ya utajiri: zawadi ya arusi.

1. Futa sahani ya sentimita 20 kwa spiriti, kisha ishike ukingoni tu. Mafuta ya kidole hufukuza rangi.

2. Chora kwa wino mzito kwenye karatasi nyembamba, ilowanishe kidogo, ilaze juu ya sahani, ibonyeze. Kumbuka mchoro utageuka, kulia kuwa kushoto. Wino utaungua wenyewe.

3. Saga nyeusi ya kobalti kwa mafuta ya kafuri hadi usisikie chembe chini ya kisu. Pitia mistari ukianza na mdomo na jicho la ndege. Jicho likiharibika ni rahisi kufuta mapema. Acha ikauke siku nzima.

4. Hapa ndipo penye fencai yenyewe. Jaza petali kwa bolibai, nyeupe nzito yenye aseniki, iliyokorogwa kwa maji. Brashi ishibe, rangi ijitandaze, usiisugue. Ikikauka, weka waridi ya dhahabu (rangi ya waridi itokanayo na dhahabu) iliyochanganywa na mafuta kwenye shina la petali, kisha uivute kuelekea ukingoni kwa brashi safi yenye mafuta kidogo. Mafuta hayayeyushi nyeupe ya maji, ndiyo maana tabaka mbili hazivurugani. Lakini ukivuta mara nyingi, ncha ya brashi itaikwaruza.

5. Majani yatie vivuli kwa nyeusi, halafu yafunike kwa kijani angavu kinachoonyesha vivuli vilivyo chini. Mistari ya ndege ifunike kwa xuebai, rangi angavu kama kioo, isiyo na weupe. Kobalti hii peke yake haishiki; ikiachwa wazi hufutika kwa kitambaa hata baada ya moto.

6. Panda nyuzi 100 kwa saa hadi 400, tundu la tanuri likiwa wazi moshi wa mafuta utoke. Ziba, fika 780, shikilia dakika 10. Usifungue kabla ya kushuka chini ya 100.

Maswali ya wanachama

Waridi yangu imetoka zambarau iliyochakaa. Kwa nini?
Moto umezidi. Dhahabu ndiyo ya kwanza kulalamika. Choma kwanza kigae cha majaribio, ukiweke pale pale sahani itakapokaa.

Kijani kimebanduka vipande.
Umekipaka kinene mno. Kikipoa husinyaa tofauti na kauri, kikapasuka.

Naweza kuilia?
Hapana. Rangi hizi zina risasi, na ndimu au achari huitoa. Itundike, au iweke kwenye zidaka za ukutani kama walivyofanya wenye nyumba za Lamu. Ukisaga unga mkavu, vaa barakoa.

Nikitaka bluu kama ya sahani za zamani?
Hiyo huchorwa kabla ya kupaka ung'avu, lile tabaka la kioo linalofunika kauri, ikaiva nao pamoja. Juu ya sahani iliyokwisha kuiva huipati.