Jinsi ya kukagua kutu iliyofichwa na matengenezo ya kubandika kabla hujanunua gari la zamani

Mimi kazi yangu ni bodi, kukata na kuchomelea, na kitu kinachoniuma kwenye hii kazi ni mtu analeta gari la zamani alilonunua kwa mapenzi yote, rangi inang'aa, anasema kuna sehemu ndogo tu chini ya mlango imeanza kuvimba nimuangalizie, nikigusa na bisibisi inazama mpaka kwenye mpini. Na vingi kati ya hivyo angeviona mwenyewe kabla hajatoa hela, havihitaji ufundi, vinahitaji muda na kukubali kuchafuka.

Jambo la kushika kabla hatujaanza: nunua bodi. Injini inafunguliwa na kufungwa, giaboksi hivohivo, viti vinashonwa upya, lakini bodi iliyooza ni masaa kwa masaa ya kukata na kutengeneza bati kwa mkono na mara nyingi gharama inapita thamani ya gari lenyewe. Na gari lenye kutu ya wazi ambayo haijaguswa na mtu mimi nalichukua mara kumi kuliko lililopigwa rangi majuzi kwa ajili ya kuuzwa, kwasababu la kwanza unaona unachonunua.

HATUA YA 1: lijue gari lenyewe linaozea wapi

Kila modeli ina sehemu zake. Volkswagen Beetle angalia zile njia za hewa ya moto zinazopita chini ya milango, na sakafu chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia maana hapo ndo betri inakaa na asidi inakula bati. MGB nguvu yake kubwa iko kwenye sili, yaani lile boksi la bati chini ya mlango, hasa ya wazi isiyo na paa, sili zikioza gari linalegea katikati. Mustang za mwanzo maji yanaingia kwenye ile sehemu ya kuvutia hewa mbele ya kioo, bati la ndani linatoboka na maji yanadondoka miguuni kwa dereva na abiria.

Alafu kuna zile ambazo watu wanaambiwa hazishiki kutu. Land Rover za Series sehemu kubwa ya bodi ni aluminiamu kweli, lakini chesisi ni chuma na ule ukuta kati ya injini na miguu yako nao ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma kukiwa na unyevu aluminiamu yenyewe inaliwa, utaona unga mweupe. Corvette bodi yake ni faibaglasi tangu 1953 ila fremu ya chini ni chuma, na kuanzia za 1963 kuna kiunzi cha chuma kinachozunguka kioo cha mbele na milango, huko ndani kukioza nje huoni kitu.

HATUA YA 2: nenda mchana, gari likiwa kavu

Gari lililolowa rangi yoyote inaonekana nzuri, kwahiyo mvua ikinyesha ahirisha. Beba tochi, sumaku ndogo, kioo kidogo cha mkononi, bisibisi, jeki na stendi zake, turubai la kulalia na nguo usizozionea huruma. Kama unaweza kuazima geji ya kupima unene wa rangi azima.

HATUA YA 3: usiguse kwanza, angalia

Simama mbali kidogo, chuchumaa, tazama ubavu wote kuanzia nyuma kwenda mbele ukiuacha mwanga ulale juu ya bati. Puti, yaani ile pasti ya kujazia mabonde ya bati kabla ya rangi, ikiwa nyingi ubavu unapiga mawimbi, taa zinavyojionyesha kwenye rangi zinapinda. Alafu tazama magepu ya milango, juu na chini. Gepu likiwa jembamba juu na pana chini, au mlango ukishuka kidogo ukiufungua na kunyanyuka ukiufunga, inaweza kuwa bawaba zimechoka tu, au inaweza kuwa gari limekunjika katikati kwasababu sili zimeisha. Jibu utalipata hatua ya 5.

Zile gari za miaka ya 1970 zenye paa lililofunikwa vinaili pitisha kiganja juu yake taratibu, hasa kwenye kingo na chini ya kioo cha nyuma. Ukisikia chembechembe au vinundu chini ya ile vinaili, hiyo ni kutu.

HATUA YA 4: rangi na puti

Chuma kikigeuka kutu kinachukua nafasi kubwa kuliko kilipokuwa chuma, ndo maana rangi inavimba. Na kile kilengelenge kidogo unachokiona kwenye ukingo wa tao la tairi au chini ya mlango mara nyingi kimeanzia upande wa ndani, yaani bati limeshaliwa kutoka nyuma na wewe unaona mwisho wake. Usikubali maneno ya "hiyo ni ya juu juu tu inapigwa msasa" mpaka umeona upande wa pili.

Sumaku ifunge kwenye kitambaa laini isichubue rangi, ipitishe sehemu za chini zote: chini ya milango, matao ya matairi, fenda nyuma ya tairi la mbele, kona za buti. Inaposhika vizuri alafu ghafla inalegea au inadondoka, hapo kuna puti nene au faibaglasi. Puti yenyewe sio dhambi, fundi mzuri anaweka utando mwembamba kusawazisha bati zima. Shida ni puti iliyowekwa badala ya bati. Ukiwa na geji, rangi ya kiwandani kwa kawaida inasoma kama mikroni 80 mpaka 150, iliyorudiwa inaweza kufika 200 na kitu mpaka 300, ukiona 1000 au zaidi hapo unapima puti. Huna geji gonga na kifundo cha kidole, bati linalia, puti inatoa sauti butu.

Angalia pia vumbi la rangi kwenye raba za vioo, nyaya, na boliti za fenda. Boliti iliyopakwa rangi alafu rangi ikapasuka kwenye kona zake imeshafunguliwa. Uliza kwanini.

HATUA YA 5: chini ya gari, hapa ndo ukae muda mrefu

Kabla ya kunyanyua, gusa pointi za jeki kwa mkono na uangalie kwa tochi, kwasababu zikiwa zimeoza jeki inatoboa sakafu. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi, hata kama ni dakika moja.

Sasa lile suala la milango. Kabla hujanyanyua fungua na ufunge milango usikie inavyofunga, alafu nyanyua upande mmoja taratibu na ujaribu tena. Mlango uliokuwa unafunga vizuri ukaanza kugusa au kugoma, bodi inapinda, na bodi inayopinda imepoteza nguvu sehemu fulani. Gari za wazi zisizo na paa zifanyie hivi bila kukosa.

Ukiwa chini kitu cha kwanza kukutisha kiwe ile lami nyeusi ya kuzuia kutu ikiwa mpya, imepakwa kila mahali, nene, bado inanuka. Muuzaji atasema ameikinga gari. Inaweza kuwa kweli, lakini lami ya zamani ina tope na mikwaruzo ya mawe, hii safi imepakwa juu ya nini? Muombe ruhusa ubonyeze kwa mpini wa bisibisi, sio ncha, mtu asikuone unamtoboa gari. Bati zima linakataa. Bati lililooza linabonyea na linatoa mlio wa kuvunjikavunjika kama biskuti.

Nimewahi kufungua sili ya gari ambayo mwenye nayo aliuziwa kama imefanyiwa matengenezo kamili. Lami ilipotoka, chini yake kulikuwa na faibaglasi, chini ya faibaglasi wavu wa waya, na nyuma ya wavu magazeti yaliyokunjwakunjwa yakiwa yamelowa, puti imemwagwa juu ikachongwa vizuri kabisa mpaka mstari wa mlango ukakaa sawa. Wengine wanajaza povu la kupulizia. Vyote hivyo vinashika maji, kwahiyo hata bati lililokuwa zima pembeni linaozeshwa. Gari la namna hiyo likigongwa ubavuni hakuna kitu kinachokukinga.

Kagua pia viraka. Kiraka kizuri bati bovu limekatwa lote mpaka kwenye chuma kizima, na kipya kimechomelewa mfululizo. Kiraka kibaya kimewekwa juu ya kutu, kimeshikwa kwa vidoti vichache vya kuchomelea au riveti, pembeni kimezibwa na silikoni. Ukiona kiraka juu ya kiraka kingine hesabu kwamba sehemu nzima inatakiwa itoke.

Hapohapo pita na tochi kwenye vishikizo vya springi na shokapu, na paipu za breki za chuma, ukiona zimevimba magamba zinabadilishwa kabla gari halijaendeshwa.

HATUA YA 6: ndani

Nyanyua kapeti. Sio ile ya juu ya miguu tu, ile yenyewe mpaka uone bati. Ishike kwa mkono, yenye unyevu maji yanaingia. Vuta mkanda wa kiti ukaangalie unaposhikia kwenye bodi. Kwenye buti toa tairi la akiba, angalia shimo lake, kisha kona za nyuma ya taa, alafu trei ya betri.

Kiwandani mabati mengi yameunganishwa kwa vidoti vya mviringo vinavyoonekana kama vishimo vidogo vilivyopangana, kwenye kingo za milango na ndani ya buti. Linganisha kushoto na kulia. Upande mmoja una vidoti na mwingine umenyooka laini, upande huo ulishatengenezwa.

Milango na sili zina matundu madogo ya kutolea maji, chokonoa kwa waya. Yakiwa yamezibwa na tope au na rangi mpya, maji yalikuwa yanalala humo ndani. Zipo kamera ndogo za waya zinazochomekwa kwenye simu, bei yake sio kubwa, ipitishe kwenye hayo matundu uone sili kwa ndani. Hicho ndo kifaa ningekwambia ununue kabla ya vyote.

HATUA YA 7: mazungumzo

Omba picha za kazi ilivyofanyika kabla ya rangi. Mtu aliyetengeneza gari kwa uaminifu anazo nyingi na anapenda kuonyesha. Anayesema limefanyiwa kila kitu ila hana hata picha moja, bei yake ichukulie kama gari ambalo halijaguswa. Na akikukatalia kunyanyua kapeti au kuweka jeki, mshukuru uondoke.

Kutu kwenye fenda za boliti, mlango au boneti isikukimbize, hivyo vinatoka na kuwekwa vingine, shusha bei tu. Kutu kwenye sili, chesisi, vishikizo vya springi na nguzo za kioo, mpeleke fundi bodi akadirie kwanza ndo uongee bei.

Ukishalinunua, kazi ya kwanza zibua yale matundu yote, toa kapeti, acha milango wazi mpaka ndani kukauke kabisa, kisha ndo upulizie nta ya kuzuia kutu ndani ya sili na milango. Usiharakishe hapo, nta ikipigwa juu ya unyevu inaufungia humohumo.