SOMO: Kamera ndogo za kubadilisha lenzi, kuanzia kuchagua hadi picha ya kwanza

Habari zenu wakuu. Napiga picha za harusi, mahafali na za mtaani hapa Dar es Salaam, na karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza anunue kamera gani inayotoa picha nzuri bila kumchosha bega. Leo naandika yote mahali pamoja. Nazungumzia kamera ndogo zisizo na kioo ndani, ambazo wengi wanaziita mirolesi, zile ambazo lenzi unaichomoa na kuweka nyingine.

Hatua ya 1: Jua kilichoondolewa ndani

Ndani ya kamera ya DSLR, zile kubwa za kidijitali za kubadilisha lenzi, kuna kioo kimeinamishwa nyuzi 45. Mwanga ukiingia kwenye lenzi unagonga kioo, unapanda juu, ndipo unafika kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinaruka kupisha mwanga ufike kwenye sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha, na ndiyo ile "klaki" tunayoijua. Sasa, ili kioo kipate nafasi ya kuruka, lenzi lazima ikae mbali na sensa: mm 44 kwa Canon za EF, mm 46.5 kwa Nikon za F (herufi hizi ni majina ya aina za mdomo wa kufungia lenzi). Ukitoa kioo, nafasi hiyo haina kazi tena. Sony za E zina mm 18, Fujifilm za X mm 17.7. Wembamba wote wa kamera hizi unaanzia hapo.

Panasonic ndio walioanza mwaka 2008 na G1, kwa mfumo wa Micro Four Thirds waliouunda pamoja na Olympus. Mwaka 2009 Olympus wakaleta E-P1 na kuirudisha hai PEN, jina la kamera zao ndogo za filamu za tangu 1959. Sony wakaingia 2010 na NEX.

Watu husifu udogo, lakini mimi kilichonishika ni kingine: unaiona picha kabla hujaipiga. Chukua bibi harusi mwenye shela jeupe, jua la saa saba mchana. Kamera hupima mwanga kwa wastani. Shela likijaza fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Kwenye DSLR, ukiwa unachungulia kidirishani, utaligundua hilo baada ya kubonyeza. Kwenye mirolesi giza lile unaliona papo hapo. Unazungusha gurudumu la kuongeza mwanga kidogo kidogo mpaka ngozi yake irudi kwenye rangi yake yenyewe, kisha unabonyeza. Ngozi zetu zimeharibiwa sana na vipimo vya kamera, na kwangu hii peke yake ilitosha kunihamisha.

Hatua ya 2: Chagua ukubwa wa sensa kwanza, jina la kampuni baadaye

Kuna saizi tatu utakazokutana nazo. Fulufremu ni mm 36 kwa 24. APS-C ni kama mm 23.5 kwa 15.6 (za Canon ni ndogo kidogo). Micro Four Thirds ni mm 17.3 kwa 13. Sensa kubwa inakusanya mwanga mwingi, kwa hiyo usiku chengachenga zinapungua, ila lenzi zake nazo zinakuwa kubwa na ghali. Kwa anayeanza nashauri APS-C. Kama wewe ni mtu wa safari na unataka begi jepesi kabisa, Micro Four Thirds haitakuangusha.

Hatua ya 3: Gawa hela yako, lenzi ipate haki yake

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anamaliza hela yote kwenye kamera ya mwaka huu, halafu anabaki na ile lenzi ndogo ya zumu iliyokuja nayo. Ni afadhali kamera ya miaka kumi iliyopita yenye lenzi nzuri. Sony A6000 ilitoka 2014, ina megapikseli 24, na ikiwa na betri na kadi ina uzito wa gramu 344. Hadi leo picha zake zinachapwa kubwa na kutundikwa sebuleni. Ipe lenzi moja isiyo na zumu, mm 35 yenye f/1.8, na utakuwa na kifaa cha kazi. Kwenye lenzi, mm zinaonyesha inaona kwa upana au kwa karibu kiasi gani, na f ni kipimo cha tundu la kuingizia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Na kama mfuko umebana kabisa, tafuta lenzi za zamani za kuzungusha kwa mkono. Kwa kuwa lenzi hizo zilitengenezwa zikae mbali na filamu na mirolesi ni nyembamba, pengo linazibwa na adapta, ambayo ni pete tupu ya chuma. Nina Helios 44-2 ya Kisovieti, mm 58, f/2. Ukiizungusha, kamera inapaka rangi nyekundu kwenye kingo za kitu kilicho ndani ya fokasi, yaani kinachoonekana kwa ukali: nyekundu inaanzia sikioni, inatembea shavuni, ikifika kwenye kope unasimama. Siku mbili za mazoezi na vidole vimeshazoea.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kutoa hela

Kamera nyingi tunazonunua Kariakoo au mitandaoni ni zilizotumika. Muuzaji mkweli hatakuharakisha, na anayekuharakisha muage kwa adabu uondoke. Nenda na kadi yako ya kumbukumbu na betri iliyojaa kama unaweza kuazima, kisha fanya hivi.

Washa, ingia kwenye menyu, tafuta lugha. Kuna kamera zilizouzwa kwa soko la Japani ambazo zina Kijapani tu na huwezi kubadilisha. Ukiligundua hilo nyumbani umechelewa.

Weka f/16 na ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuitikia mwanga), elekeza kwenye karatasi nyeupe au anga tupu, fokasi ikiwa imepotea, piga. Ikuze picha kwenye skrini uipitie kona kwa kona. Madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, na mengi husafishika. Mkwaruzo wenye mstari hausafishiki. Halafu funika lenzi, piga picha ya sekunde 10: doa moja au mawili ya rangi ni kawaida, yakiwa mengi kama nyota achana nayo.

Ikunjue skrini na kuikunja mara kadhaa huku unaitazama. Ikipepesa, waya wake wa ndani unakufa.

Kisha lenzi, na hapa usione haya kuchukua muda. Fungua tundu lake mpaka mwisho, washa tochi ya simu, mulika kwa nyuma huku unatazama kwa mbele ukiinamisha kidogo. Vumbi dogo lisikutishe. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui, mara nyingi zikianzia pembeni. Hiyo ni fangasi. Mimi nilipoteza lenzi yangu ya kwanza hivyo: niliiacha kwenye begi juu ya kabati masika yote, na nilipoifungua mizizi ilikuwa imeshafika katikati. Fundi aliifungua, akasafisha, lakini fangasi ilikuwa imekula mipako ya kioo.

Hatua ya 5: Picha ya kwanza

Usianzie kwenye tukio la watu. Mimi nilianza kwa mama wa vitumbua wa mtaani kwetu, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, baada ya kumwomba ruhusa. Taa ilikuwa ya barazani tu, pamoja na mkaa chini ya chuma. Niliweka f/1.8, shata 1/125 (muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde), ISO 1600. Mafuta yakaita, akachota uji wa mchele kwa upawa, na mvuke ulipopanda mbele ya kanga yake nikabonyeza. Hakugeuka. Kamera ndogo haimfanyi mtu ajikaze kama yuko studio, na mpaka leo hiyo ndiyo picha aliyoiweka kwenye simu yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, simu yangu ina megapikseli 108. Kwa nini ninunue kamera ya 24?

Jibu: Mkuu, angalia eneo linalopokea mwanga. Sensa ya APS-C ni zaidi ya mara tano ya sensa za simu nyingi za aina hiyo. Ndiyo maana simu nyingi za 108 huunganisha pikseli 9 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Mchana kwenye skrini ya simu hutaona tofauti kubwa. Ingia ukumbini usiku, au chapa picha kubwa, utaiona.

Swali: Nina lenzi tatu za Canon EF. Nikihama nizitupe?

Jibu: Usitupe hata moja. Canon wana adapta ya kuweka EF kwenye mirolesi zao za R, na otofokasi, yaani kamera kujitafutia fokasi yenyewe, inafanya kazi. Kurudi nyuma ndiko hakuwezekani: lenzi ya RF, ile ya hizo kamera za R, haikai kwenye DSLR.

Swali: Kaka, nilipiga send-off kwa shata ya kimya, picha zimetoka na mistari ya giza. Kamera imeharibika?

Jibu: Haijaharibika, dada. Shata ya kimya husoma sensa mstari kwa mstari, na taa nyingi za LED zinawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni. Mistari iliyosomwa taa ikiwa imefifia ndiyo hiyo myeusi. Rudi kwenye shata ya kawaida, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, jaribu 1/50 au 1/100. Baadhi ya taa za jukwaani zina mwendo wake, kwa hiyo piga picha za majaribio mapema kabla wageni hawajaingia. Shata ya kimya itunze kwa ajili ya nikahi na ibada ya kanisani, mahali ambapo mlio ni usumbufu.

Swali: Betri inaisha haraka mno!

Jibu: Ni kweli, ndio udhaifu wake mkubwa. Skrini na sensa zinafanya kazi muda wote. A6000 imepimwa picha kama 310 kwa kidirisha na 360 kwa skrini. Kwa harusi beba betri tatu, na pawabenki, maana kamera hiyo inachajiwa kwa waya wa USB.

Swali: Nipo Tanga, unyevu ni mwingi. Nihifadhi vipi?

Jibu: Kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya silika jeli. Vikilowa, vibadilishe au vikaushe. Mchele usitumie, una vumbi. Begi la ngozi na kabati la nguo pia hapana. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto taratibu, la sivyo lenzi inaota jasho.

Swali: Mteja akiona kakamera kadogo hatasema nimekuja kucheza?

Jibu: Wapo watakaosema. Mzee mmoja aliniuliza mbele ya kamati nzima kama kamera yenyewe ipo kwenye gari. Nilimwomba asogee dirishani, nikampiga picha moja, nikamwonyesha kwenye skrini. Aliitazama kimya, akamwita mkewe aje aone. Kwa hiyo beba albamu ndogo iliyochapwa unapokwenda kukutana na kamati, na usianze kuzungumza bei kabla hawajaifunua.