Jinsi ya kuendesha usiku wa muziki wa Karibea Kigoma

Usiku wa Karibea mara nyingi huharibika kabla hata ya saa nne. DJ anafungua na soca ya Trinidad inayokimbia mapigo 160 kwa dakika, ukumbini kuna watu wachache wenye soda mkononi, hakuna anayenyanyuka, na kufika saa sita, nusu yao wameshaita bodaboda. Muziki wenyewe hauna kosa. Umepigwa tu kabla miili haijawa tayari kuupokea.

Kwa hiyo anza na kile ambacho mchezaji wa Kigoma tayari anacho. Huku watu wamelelewa na rumba ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na rumba hiyo ina damu ya Kuba: kuanzia miaka ya 1930 santuri za mfululizo wa GV zenye son, muziki wa dansi wa Kuba, ziliuzwa Kongo, na wapiga gitaa wa Léopoldville (Kinshasa ya sasa) na Brazzaville wakaifanya yao. Zouk ya Guadeloupe na Martinique, iliyotangazwa duniani na Kassav', kundi lililoanzishwa mwaka 1979, nayo si ngeni. Bongo Fleva nyingi za miaka ya 2000 zimekaa juu ya mdundo huo. Mpe mtu hivi viwili kwanza, dancehall na soca zitamkuta ameshalowa jasho.

Mpangilio wa saa

Saa tatu hadi saa nne na nusu, kabla uchezaji haujaanza, piga reggae ya taratibu, mapigo 70 hadi 80, kwa sauti inayomruhusu mtu kuzungumza na jirani yake bila kupaza. Usihangaike na kuchanganya nyimbo hapa. Acha ziishe zenyewe.

Saa nne na nusu weka rumba mbili, halafu ingia son na salsa. Salsa ipewe nyimbo tatu mfululizo, zisizidi. Wanaojua hatua huteka sakafu, wengine hukaa kutazama, na aliyekaa ni kazi kumnyanyua tena. Kisha zouk na kompa ya Haiti hadi saa sita. Hiki ndicho kipindi cha kujaza sakafu, kwa hiyo nyimbo zako bora za zouk zisipotee mapema.

Saa sita hadi saa saba na nusu ni dancehall, mapigo 90 hadi 105. Baada yake soca kwa dakika 45 au 50, kwa sababu ukizidisha watu huchoka na kwenda kukaa. Dakika 20 za mwisho rudi kwenye reggae ya mapenzi, watu wapoe na kulipa bili zao.

Kuvuka kutoka mdundo hadi mdundo

Zouk, dancehall na soca zina mfupa mmoja. Hesabu haraka moja hadi nane na upige kofi kwenye 1, 4 na 7. Rudia bila kukatisha. Kofi hizo utazisikia kwenye ngoma ndogo ya zouk, kwenye biti ya dancehall, na juu ya kiki (ngoma ya mguu) inayotembea sawasawa ya soca. Ndiyo maana zouk ya mapigo 96 inaingia kwenye dancehall ya mapigo 98 bila mtu kukosea hatua: punguza besi ya wimbo unaotoka, ingiza mpya kwenye hesabu ya 1, kisha mpe besi yake. Besi mbili zikipigwa kwa pamoja hutoa uji, na kosa hilo husikika hadi nje.

Kwenye dancehall tumia ridim. Wajamaika hurekodi waimbaji wengi juu ya mdundo mmoja wa ala, hivyo nyimbo tano za ridim moja zina mwendo uleule na aghalabu ufunguo uleule. Zipige kwa mfuatano, kila moja ubeti na kiitikio, kama dakika moja na nusu, bila kugusa kasi. Wimbo ukishangiliwa, urudishe mwanzo mara moja. Kurudisha kila wimbo kunakata pumzi ya wachezaji, na kelele za mshereheshaji haziwezi kuficha hilo.

Mahali pagumu ni kutoka soca ya wastani, mapigo 112 hivi, kwenda ile ya kasi ya 160. Usipandishe polepole kwa kusukuma kasi. Sauti za waimbaji hugeuka za watoto. Njia safi ni kupiga reggae moja ya mapigo 80, kwa sababu 80 ni nusu kamili ya 160, na soca ya kasi unaidondoshea juu yake. Njia nyingine ni kukata muziki kabisa, mshereheshaji aseme maneno mawili, kisha uachie.

Hatua za kuwafundisha watu

Dakika kumi za mafunzo saa nne na robo zinatosha, mwalimu mmoja akiwa amewapa watu mgongo ili wamfuate mguu kwa mguu. Salsa: 1, 2, 3 unapiga hatua, 4 unasubiri, 5, 6, 7 unapiga hatua, 8 unasubiri. Mguu wa kushoto huenda mbele kwenye 1, wa kulia hurudi nyuma kwenye 5, na hatua ziwe fupi kama urefu wa kiatu. Anayeanza hukosea kwenye 4 na 8 kwa kuwa anaona aibu kusimama. Zouk ni hatua moja ndefu na mbili fupi, magoti yamelegea. Dancehall inataka uzito ushuke kwenye mapaja. Ukicheza umesimama wima utaonekana unaruka kamba. Kukata mauno hakuhitaji mwalimu hapa.

Jambo moja mshereheshaji alitamke wazi kwenye kipaza sauti. Kwenye soca na dancehall watu hucheza wameshikana karibu, mmoja nyuma ya mwenzake. Omba kwanza, kwa macho au kwa mkono, na dada akisogea pembeni, jibu umeshalipata. Baunsa ajue kwamba hiyo nayo ni kazi yake.

Sauti

Muziki huu ni besi, na besi chafu huua usiku mzima. Kwa ukumbi wa watu 150 sabufa mbili za wati 1,000 na spika mbili za juu za wati 500 zinatosha. Weka sabufa zote mbili pamoja, chini, zikiegemea ukuta mmoja. Ukizitenganisha pembe mbili, mawimbi yake yatakutana na kufutana, na utapata sehemu za sakafu ambazo besi haipo kabisa huku hatua mbili pembeni ikitikisa kifua. Gawanya masafa kwenye hezi 100: chini yake yaende sabufa, juu yake yaende spika.

Ukihisi besi ni ndogo, usikimbilie kitufe cha besi. Kuongeza desibeli 6 kunadai nguvu mara nne kutoka kwenye amplifaya. Itaanza kukata mawimbi, taa nyekundu itawaka, na twita, spika ndogo za sauti nyembamba, ndizo huungua kwanza. Taa nyekundu ikiwaka zaidi ya kupepesa, shusha. Faili nazo ziangalie: wimbo uliopakuliwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde unasikika vizuri kwenye simu na unakuwa matope kwenye sabufa. Tafuta wa 320. Beba flashi mbili zenye nyimbo zilezile, zote kwa mfumo wa FAT32, kwa sababu baadhi ya mashine za DJ hazisomi mifumo mingine.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022: kwenye kumbi za burudani wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15. Programu ya simu itakupa makadirio. Weka kizuizi mita mbili mbele ya spika.

Kigoma ina vilima kuzunguka ghuba, na usiku hewa ya chini ikipoa sauti husafiri mbali kuliko mchana. Elekeza spika ziwani, si mlimani, lakini ukumbuke kwamba maji hayazuii sauti na ng'ambo ya ghuba kuna watu wamelala. Kibali kifuatilie wiki mbili kabla kwa afisa utamaduni wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, polisi wajulishwe, na mwenyekiti wa mtaa umfuate mwenyewe kwa heshima kabla hajakufuata yeye. Malalamiko ya kelele yakifika NEMC, baraza la taifa la mazingira, barua ya kibali pekee haitakulinda.

Umeme

Jumla ya vyombo vilivyotajwa, pamoja na taa na mikseri, ni kama wati 3,300. Jenereta ya kVA 5 hutoa takriban wati 4,000 za kweli, kwa hiyo friji isichomekwe humo. Mota yake ikiwaka huvuta umeme wa ghafla na muziki unayumba. Hesabu petroli lita 2 kwa saa, na uweke akiba. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, maana moshi wake una kaboni monoksaidi inayoua bila harufu. Usijaze mafuta ikiwa inawaka.

Umeme ukikatika, zima amplifaya kwanza, halafu mikseri. Washa jenereta, subiri dakika moja itulie, washa mikseri, na amplifaya iwe ya mwisho. Ukigeuza mpangilio huo, kishindo kinachotoka kinaweza kupasua koni ya sabufa. Umeme wa TANESCO ukirudi, subiri dakika kumi kabla ya kuhama, kwani mara nyingi hurudi ukiyumba. Kuhama kufanyike kwa swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kunarudisha umeme kwenye nguzo, na fundi aliyepanda huko hajui.

Spika zikitoa mngurumo hata muziki ukiwa umezimwa, mara nyingi ni kwamba laptopi na mikseri zimechomekwa sehemu tofauti. Zilete kwenye soketi moja.

Chakula na kurudi nyumbani

Jiko la mkaa liwake saa mbili. Migebuka ya kuchoma, mishikaki na ndizi vinatosha, na maji ya kunywa yawe ya bei ya chini kabisa, kwani soca hukausha mtu haraka kuliko anavyodhani. Kabla ya saa saba panga na bodaboda na bajaji mnaowafahamu: bei ya kwenda Mwanga, Gungu na Ujiji iandikwe ubaoni mlangoni, na mtu wa mlangoni aandike namba ya chombo kila abiria anapoondoka.

Taa ziwashwe wimbo mmoja kabla ya mwisho, ili kila mtu atafute simu na viatu vyake muziki ukiwa bado unapiga.