Robin Hood wa Karatasi ya Manila: Namna Tunavyotengeneza Katuni ya Kichekesho

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi watoto kumi na wawili hivi huja sebuleni kwangu, Kaloleni, Kisumu. Kazi inayonilisha ni kuandika mabango na kuchora magari ya matatu. Ya katuni naifanya kwa mapenzi. Mwaka jana tulimaliza kichekesho cha sekunde 50 kinachomwiga Robin Hood, yule mnyang'anyi wa hadithi za Kiingereza anayewaibia matajiri na kuwapa maskini, na wazazi na walimu hawajaacha kuniuliza tulifanyaje. Naeleza hapa, na pale tulipokosea nitasema.

Kabla ya mkasi kugusa karatasi, amueni mnamwiga mnyang'anyi gani. Hili nalisisitiza kwa sababu nililifanya vibaya. Watoto walitaka jambazi mmoja wa huku kwetu aliyevuma zamani, nami nikakubali. Tulipowaonyesha wazazi michoro ya kwanza, mama mmoja alinyanyuka akatoka. Nilimkuta barazani anajifuta macho. "Mwalimu," akaniambia, "yule mtu alimpiga ndugu yangu risasi." Jioni ile ile nikaichana michoro yote. Mwigeni mnyang'anyi wa hadithi. Robin Hood anatajwa katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14, na hakuna nyumba hapa ambayo bado inaomboleza kwa ajili yake. Tena alama zake zinajulikana upesi: kofia yenye unyoya, nguo za kijani, upinde, msitu wa Sherwood. Mtoto akiona kofia tu, ameshajua ni nani.

Kisha tazameni kazi ya fundi. Sisi tulitazama Robin Hood Daffy ya mwaka 1958, iliyoongozwa na Chuck Jones. Bata mweusi, Daffy, anajiita Robin Hood. Nguruwe Porky, ambaye ni mtawa Tuck, mwenzake Robin Hood katika hadithi, anacheka na hataki kuamini. Basi bata anaahidi kumwibia tajiri anayepita juu ya punda ili athibitishe. Anajirusha kwa kamba, anagonga mti. Anajirusha tena, mti mwingine. Anaonyesha ufundi wa fimbo ndefu huku akitaja kila pigo, na fimbo inamrudia mdomoni.

Itazameni mara mbili, ya pili bila sauti, kila mtoto na daftari lake. Wangu waligundua mambo mawili ambayo mimi, kwa miaka yangu yote ya kuitazama, sikuwahi kuyasema kwa maneno. La kwanza, bata hafanyi mzaha hata mara moja, anajiamini kabisa. La pili, tajiri hajui kwamba anaibiwa. Kumbe kinachochekesha ni hamu ya bata ya kuaminiwa, wala si wizi. Mnyang'anyi wenu apeni hamu moja ya namna hiyo, kisha izuieni mara tatu, kila mara kwa njia tofauti. Msinakili sura ya bata wala muziki wake. Chukueni somo, mchore wenu.

Wetu ni ndege, korongo mfukoshingo, kama wale wanaokaa juu ya miti mjini hapa. Unyoya wa kofia kajing'oa mwenyewe. Anataka kumwibia kiboko tajiri anayetoka ziwani na kapu la samaki wa mbuta, ili ampe chura maskini. Mara ya kwanza anafyatua mshale, mshale unaondoka na kofia yake. Mara ya pili anajificha chini ya mtumbwi uliopinduliwa, kiboko anaukalia. Mara ya tatu anasimama katikati ya njia, "Mali yako au roho yako!", halafu anaanza kutaja sifa zake moja baada ya nyingine, na zinapokwisha kiboko ameshapita. Mwishowe kiboko anarudi, anamdhania mwombaji, anampa mbuta mmoja. Korongo anamkimbilia chura: "Nimeiba!" Mwisho huo ulitoka kwa msichana wa miaka tisa, na sikubadilisha hata neno.

Vikaragosi tunavikata kutoka karatasi ngumu ya manila. Kata kichwa, kiwiliwili, mapaja na miguu mbalimbali, toboa kwa sindano, unganisha kwa uzi wenye fundo pande zote mbili. Fundo likaze kiasi cha kiungo kubaki pale ulipokiacha. Macho na midomo vikatwe peke yake. Hapa Kiswahili kinatubeba: silabi zetu karibu zote zinaishia kwa vokali, kwa hiyo midomo sita inatosha, ya a, e, i, o, u, na mmoja uliofumbwa wa m, b na p. "Mali yako" ni fumba, a, i, a, o. Mtoto wa darasa la pili anaifanya bila msaada.

Simu ilazwe juu ya ubao uliotobolewa, kamera itazame chini kupitia tundu, ubao ulale juu ya marundo mawili ya vitabu, vikaragosi vikae chini yake. Fungeni mapazia, mtumie balbu moja isiyosogezwa. Sisi tulianza kwa mwanga wa dirishani, mawingu kutoka ziwani yakawa yanapita, na picha zikawa zinawaka na kuzima kama taa mbovu. Tukafuta kazi ya asubuhi nzima. Zimeni mtandao wa simu pia, maana simu ikiingia katikati ubao hutikisika.

Tunasogeza kikaragosi kidogo, tunapiga picha, tunasogeza tena: picha 12 kwa kila sekunde ya katuni. Sekunde 50 ni picha 600, nazo zilitula Jumamosi nne. Lakini usigawe picha hizo sawasawa, kwa sababu kicheko kinakaa kwenye kusubiri. Korongo anapovuta upinde, mwache tuli kwa picha 6. Picha inayofuata, kofia haipo, usionyeshe ikiondoka. Halafu mwache akodoe macho kwa picha 18, kinachosogea kiwe mboni tu. Mtoto aliyekuwa akipiga picha aliniambia, "Anko, tunapoteza picha." Nikamwomba avumilie. Alipoiona ikicheza, yeye ndiye aliyeanguka kwa kicheko.

Sauti tunarekodi ndani ya kabati lenye nguo ili isitoe mwangwi. Kishindo ni kifuniko cha sufuria, ukimya kabla yake ni wa lazima. Anayesema maneno ya korongo asijaribu kuchekesha. Aseme kama mtu anayeapa.

Siku ya kuonyesha tulitundika shuka nyeupe ukutani kwa jirani. Msikae mkitazama shuka. Kaeni kando yake, mtazame nyuso za watu, na karatasi yenye namba za matukio mkononi. Tukio la mtumbwi halikumchekesha mtu: kiboko alikuwa anakaa haraka mno. Jumamosi iliyofuata tukaongeza picha 8 za kiboko akigeuka polepole, akijipangia pa kukalia, kama bibi anavyojiweka kwenye mkeka. Tulipoionyesha tena, kicheko kilianza kabla hajakaa.