Somo: Kusoma baridi ya zamani ndani ya matope ya ziwa

Ndugu zangu, mwanafunzi wangu mmoja hapa Bukavu aliniuliza: kama zamani za kale hakukuwa na vipimajoto, watu wa Ulaya wanajuaje kwamba baridi ya miaka fulani ilikuwa kali kuliko ya leo? Jibu limelala chini ya maziwa yao. Sisi tuna mvua na kiangazi tu, na maji ya juu ya Kivu hukaa karibu nyuzi 24 mwaka mzima. Kwa hiyo twende kwanza Uswisi, kwenye ziwa Silvaplana, mita 1,791 juu ya usawa wa bahari.

Hatua ya 1: Elewa baridi inaandikaje. Hapa ndipo wengi wanateleza. Ziwa likifunikwa na barafu, karibu kila kitu ndani yake kinalala. Alama ya baridi huonekana baadaye, barafu ikiyeyuka. Baridi ikiwa ndefu, barafu huchelewa kuondoka, na maji huchelewa kufika nyuzi 4. Katika joto hilo maji huwa mazito kuliko wakati wowote, na ziwa huchanganyika toka juu hadi chini. Ndani ya maji hayo kuna vijimea vya rangi ya dhahabu, krisofita, na kila aina ina msimu wake. Majira yakichelewa, aina zinazopenda maji baridi ndizo zinazozaana sana. Zikimaliza msimu wake hujifungia ndani ya ganda gumu la silika, madini yale yale ya kioo, na ganda hilo huzama.

Chini ya hadubini ganda linafanana na kitufe cha kioo chenye tundu moja, mara nyingi na ukingo ulioinuka kama mdomo wa chupa. Mengine ni laini kama yai, mengine yana miiba, mengine mikunjo. Upana wake ni sehemu chache za elfu za milimita, lakini kwa miiba na mdomo ule mtaalamu hutambua ni la aina gani. Nikitazama picha zake bado nashangaa kwamba kitu kidogo hivyo kimebeba habari za baridi ya karne nyingi zilizopita.

Hatua ya 2: Tafuta matope yasiyovurugwa. Silvaplana ni zuri kwa sababu kiangazi, yaani msimu wa joto wa huko, mito ya barafu huleta mchangatope, halafu chini ya barafu ya ziwa, upepo ukiwa hauligusi, udongo laini kabisa hutua polepole. Tabaka mbili, mwaka mmoja.

Hatua ya 3: Chukua matope. Bomba hushushwa kwa kamba, taratibu. Tope la juu ni laini kama uji, na ndilo lenye miaka ya karibuni. Likivurugika umepoteza sehemu unayoihitaji kuliko zote. Baadaye hukatwa vipande vyembamba.

Hatua ya 4: Toa tarehe. Hesabu tabaka, kisha hakikisha. Seziamu-137, chembe zenye mionzi, huonyesha mwaka 1963, wakati mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia yalipokuwa mengi zaidi hewani, na tena 1986, ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl. Risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, hupungua kwa nusu kila miaka 22 hivi, kwa hiyo inafaa kwa miaka kama 150.

Hatua ya 5: Linganisha na vipimo. Maganda peke yake hayasemi nyuzi ngapi. Sils Maria, jirani na ziwa hilo, joto la hewa limeandikwa tangu 1864. Chukua sehemu ya miaka hiyo, tengeneza kanuni ya kugeuza hesabu ya maganda kuwa joto, kisha ijaribu kwenye miaka uliyoificha. Ikishindwa kukisia mwaka tunaoujua, usiipeleke kwenye karne ambazo hakuna aliyepima.

Maswali ya wanachama

*Uvira: Mwalimu, kwa hiyo tunapata joto la Januari?*

Hapana, ndugu yangu. Tunapata msimu wa baridi kwa jumla. Ukiona mchoro wa joto la zamani, uliza kwanza ni la miezi gani. Mabaki ya viluwiluwi vya usubi, kwa mfano, husimulia zaidi kiangazi.

*Goma: Na Kivu yetu, inaweza kusomwa?*

Inaweza, mama, ila si kwa baridi. Huko chini, hadi mita 485, hakuna oksijeni, hivyo hakuna mdudu wa kuvuruga tabaka. Katika miaka ya 1960 chokaa ilianza ghafla kujikusanya katika matope yake. Kati ya sababu zinazotajwa ni sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakabadilisha ulaji ndani ya ziwa. Kuhusu joto, Tanganyika limeshasomwa kwa mafuta ya vijidudu yaliyobaki kwenye matope. Utafiti wa 2010 ulionyesha kwamba maji yake ya juu hayajawahi kuwa na joto la mwisho wa karne ya 20 katika miaka 1,500.

*Goma tena: Kaboni-14 je?*

Hiyo ni kaboni yenye mionzi inayotumika kupima umri wa vitu vilivyowahi kuishi. Kwa Kivu, tahadhari sana. Gesi ya volkano inayoingia kutoka chini haina kaboni-14, kwa hiyo kilichoota majini huonekana kizee kuliko umri wake. Afadhali upime jani au mkaa uliotoka nchi kavu.

*Bukavu: Sina hadubini, mwalimu. Nianze wapi?*

Anza na chupa ya lita moja na nusu, mwanangu. Tia maji, mchanga kidogo na udongo mwekundu, tikisa, iweke dirishani usiiguse. Yangu, mchanga ulifika chini kabla sijahesabu kumi. Kesho yake asubuhi maji yalikuwa bado na rangi ya chai. Siku ya tatu nikaona juu ya mchanga utando mwekundu, mwembamba kama ganda la kitunguu. Mtoto akaigonga meza, na ukapanda wote tena.